Gemu moja, mashine tofauti: PS2, Xbox, GameCube na Dreamcast kwenye mizani

Ubishi wa mashine ipi ilikuwa na picha kali zaidi huanza na vipimo: megahezi ngapi, megabaiti ngapi, poligoni (vipande bapa vinavyojenga maumbo) ngapi. Vipimo vina maana yake, lakini havimalizi ubishi. Kinachoumaliza ni kuchukua gemu ileile, kuiweka kwenye mashine mbili, na kusimama mahali palepale ndani ya gemu. Hapo utaona kwamba kila mashine ina kinachoishinda na kitu inachokimudu kuliko wenzake, na kwamba gemu karibu kila mara hupendeza zaidi kwenye mashine iliyotengenezewa kwanza.

Mashine tunazozipima hapa ni nne za kizazi kimoja. Dreamcast ya Sega ilitoka Japani Novemba 1998. PlayStation 2 ilifuata Machi 2000, kisha GameCube ya Nintendo Septemba 2001, na Xbox ya Microsoft iliingia sokoni Marekani Novemba mwaka huohuo. Kwenye karatasi mpangilio ni rahisi: Dreamcast ina prosesa ya megahezi 200 na RAM ya megabaiti 16, PS2 megahezi 294 na megabaiti 32, GameCube megahezi 486 na megabaiti 24 za kumbukumbu ya haraka, pamoja na 16 za pembeni zilizo polepole, Xbox megahezi 733 na megabaiti 64. Mtu angesema Xbox imeshinda, tufunge kazi. Sasa tuangalie gemu zenyewe.

Resident Evil 4 ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Ilitoka kwenye GameCube Januari 2005, kisha PS2 ikaipata Oktoba mwaka huo. Kwenye GameCube, matukio ya hadithi yanachorwa na mashine papo hapo kwa maumbo yaleyale unayoyacheza. Kwenye PS2 matukio hayo ni video iliyorekodiwa, kwa hiyo Leon, mhusika mkuu, akivaa nguo nyingine unayemwona kwenye video bado amevaa nguo za kawaida. Moto kwenye PS2 umepunguzwa, mwanga wa kuta na taa umefifia, majani na vitu vidogo vya mandharinyuma vimeondolewa hapa na pale. Ukisimama kijijini mwanzoni, pale penye moto katikati ya uwanja, tofauti inaonekana bila kuambiwa. Hata hivyo PS2 ina mawili ya kujivunia. Kwanza, ina mpangilio halisi wa skrini pana, 16:9, wakati GameCube inakupa picha yenye mikanda myeusi juu na chini ndani ya 4:3, hivyo kwenye TV pana unalazimika kukuza na kupoteza ukali. Pili, imeongezwa sehemu nzima ya Ada, mhusika mwingine wa hadithi hiyo. Anayetaka picha achukue ya GameCube. Anayetaka gemu ndefu achukue ya PS2.

Kwa nini PS2 ilipunguzwa? Hapa inabidi tuingie ndani kidogo, kwa sababu sababu hiyohiyo inaeleza karibu kila malalamiko kuhusu picha za PS2. Chipu yake ya michoro ina kumbukumbu ya megabaiti 4 tu. Picha moja ya pikseli 640 kwa 448 yenye rangi kamili ya biti 32 inakula zaidi kidogo ya megabaiti 1. Unahitaji picha mbili, moja inayoonyeshwa na nyingine inayochorwa, na nafasi nyingine ya ukubwa huohuo ya kupima kina, yaani kitu gani kiko mbele na kipi kiko nyuma. Ukijumlisha, umebakiwa na robo tatu ya megabaiti au pungufu kwa ajili ya teksicha, zile picha zinazobandikwa juu ya maumbo. Ni meza ndogo ya fundi cherehani: kitambaa kimerundikwa stoo, na kila kipande lazima kiletwe, kishonwe, kirudishwe.

Watengenezaji walifanya mambo mawili ili kupata nafasi. Wengi walipunguza rangi za teksicha. Teksicha ya 256 kwa 256 yenye rangi kamili inakula kilobaiti 256. Ukiibana iwe na rangi 256 tu inashuka hadi kilobaiti 64 na ushee, na ukiibana iwe na rangi 16 inakuwa takriban kilobaiti 32. Ndiyo maana kuta na nyasi za PS2 mara nyingi zina mabaka na rangi zilizochujuka. GameCube na Xbox zina njia ya kubana teksicha ndani ya chipu yenyewe, kwa hiyo teksicha ileile inakaa kwenye kilobaiti 32 hizohizo ikiwa na rangi nyingi zaidi. Dreamcast nayo ina njia yake ya kubana, inayoshuka hadi chini ya kilobaiti 20, na ina megabaiti 8 kamili za michoro. Hii ndiyo sababu baadhi ya gemu za Dreamcast zina teksicha safi kuliko za PS2 iliyotoka baadaye.

Njia ya pili ilikuwa kuchora nusu ya urefu wa picha. TV za kichogo zilipokea mistari witiri kwanza, kisha mistari shufwa, na gemu nyingi za mwanzo za PS2 zilichora mistari 224 tu kila mara. Inafanya kazi mradi gemu isishuke chini ya fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Ikishuka, mistari haipatani na kingo zote zinaanza kutetemeka na kuwa na meno ya msumeno. Dead or Alive 2 ni ushahidi: kwenye Dreamcast kingo zimetulia, lakini toleo la kwanza la PS2 lilitoka Japani likiwa na meno waziwazi. Grandia II iliyohamishwa kutoka Dreamcast kwenda PS2 ilifanyiwa kazi mbaya zaidi, inakwama sehemu ambazo Dreamcast inapita bila shida. Ukitaka Grandia II, nunua ya Dreamcast, usifikirie mara mbili.

Lakini PS2 ina kitu ambacho hata Xbox ilikionea wivu. Kumbukumbu yake ile ndogo ina kasi ya gigabaiti 48 kwa sekunde, wakati Xbox nzima, prosesa na michoro pamoja, inagawana gigabaiti 6.4. Kasi hiyo ndiyo inayowezesha kurundika vitu vinavyopenyeza mwanga, safu juu ya safu: moshi, mvua, vumbi, cheche, ukungu. Mfano wake ni Metal Gear Solid 2. Kwenye PS2 sehemu ya meli yenye mvua kali inakwenda laini. Toleo la Xbox, lililotoka 2002 kwa jina la Substance, linapunguza mwendo kwenye mvua hiyohiyo. Mashine yenye nguvu mara mbili kwa karatasi inashindwa na matone, kwa sababu gemu iliandikwa kwa kutegemea kasi ambayo haipo upande wa pili.

Geuza mfano uone upande wa Xbox. Splinter Cell ilitengenezwa kwa ajili ya Xbox, 2002, na mchezo mzima ni kujificha kwenye kivuli. Chipu ya michoro ya Xbox inaweza kupima kivuli kwa kila pikseli, kwa hiyo feni ikizunguka mbele ya taa, kivuli chake kinazunguka juu ya sakafu, juu ya sanduku na juu ya mgongo wa Sam Fisher, mhusika unayemchezesha, vyote kwa usahihi. PS2 na GameCube zilipata toleo lililojengwa upya mwaka uliofuata: vyumba vimepunguzwa, njia zimebadilishwa, vivuli vingi vimebandikwa kama picha tu. PS2 iliongezewa hatua yake ya mtambo wa nyuklia kama fidia, na hatua yenyewe ni nzuri. Lakini mchezo wa kivuli bila kivuli cha kweli umepoteza roho. Hapa Xbox haina mpinzani.

GTA San Andreas inahitaji tahadhari zaidi kwenye hukumu. PS2 ilikuwa ya kwanza, Oktoba 2004, na Xbox ikafuata Juni 2005. Xbox ina picha safi, mng'aro wa magari ni mzuri zaidi, na unaweza kuweka nyimbo zako mwenyewe kwenye diski ya ndani ukazisikiliza kama stesheni ya redio. PS2 ina ukungu mzito wa rangi ya machungwa juu ya Los Santos, mji wa ndani ya gemu, na ukungu huo ndio uliochaguliwa na wachoraji kwa makusudi. Kwa macho yetu mji una joto na uhai zaidi kwenye PS2, hata kama nyumba za mbali zinachelewa kutokea. GameCube haikupata GTA yoyote.

Soulcalibur II, iliyoingia majumbani 2003, ndiyo gemu inayolinganisha mashine tatu kwa haki, kwa sababu zote zinakwenda fremu 60 na maumbo ni karibu sawa. Tofauti kubwa ni mpiganaji mgeni: Link kwenye GameCube, Heihachi kwenye PS2, Spawn kwenye Xbox. Kwa ukali wa picha Xbox inaongoza, maana inakubali hadi mistari 720 ukiwa na waya unaofaa. GameCube inafuata kwa karibu sana, na rangi za ngozi na vitambaa ni nzuri. PS2 ina teksicha zilizofifia kidogo, lakini padi yake ina vitufe vya mwelekeo vinavyopendeza zaidi kwa gemu za kupigana. Vitufe vya mwelekeo vya GameCube ni vidogo mno kwa kazi hiyo.

Kwa mpira, hakuna mjadala mrefu. Pro Evolution Soccer (PES) haikuwahi kuishi GameCube nje ya Japani, na kwenye Xbox ya kwanza iliishia PES 5. PS2 iliendelea kupata toleo kila mwaka hadi PES 2014, na FIFA nayo hadi FIFA 14. Xbox inaonyesha PES 5 kwa ukali zaidi, nyasi na jezi zinasomeka, lakini padi yake kubwa inachosha vidole, na vitufe vya bega vya PS2 viko mahali pazuri zaidi kwa kukimbia na kubadili mchezaji. Mabanda mengi ya gemu Afrika Mashariki yalijaa PS2, na ukizingatia orodha hii ya mpira ni vigumu kusema yalikosea.

Gemu za nyumbani kwao, yaani zile zisizohama, ndizo zinazoonyesha upeo wa kila mashine. GameCube: Metroid Prime ya 2002 na F-Zero GX ya 2003, zote zinalenga fremu 60 na karibu hazitetereki. PS2: Gran Turismo 4, ambayo inakubali hata picha ya mistari 1080 (1080i), na God of War II ya 2007, iliyotoka wakati PS3 iko sokoni na bado ikashangaza watu. Shadow of the Colossus ya 2005 ni nzuri mno kwa macho lakini inakwama mara kwa mara; ukiicheza kwenye PS2 kubali hivyo. Dreamcast: Soulcalibur ya kwanza bado inasimama. Xbox: Halo 2, ingawa angalia jinsi teksicha zinavyochelewa kuingia wakati tukio la hadithi linapoanza, sura ya mtu ikiwa tupu kwa sekunde moja kisha ikajazwa.

Yote hayo yatapotea ukiunganisha mashine kwa waya wa njano kwenye TV bapa. Waya wa njano unachanganya mwanga na rangi kwenye mkondo mmoja. Kingo nyekundu zinamwagika na maandishi madogo hayasomeki. TV bapa nayo inapokea mistari witiri na shufwa na kujaribu kuiunganisha, jambo linaloleta ukungu na ucheleweshaji kati ya kubonyeza kitufe na mchezaji kupiga mpira. TV ya kichogo haina ugonjwa huo, na kama unayo nzima usiitupe.

Kwenye TV bapa fanya hivi kwa PS2. Nunua waya wa matundu matatu ya picha, kijani, bluu na nyekundu, pamoja na mawili ya sauti. Washa mashine bila gemu, ingia sehemu ya mipangilio ya mfumo, tafuta mpangilio wa picha ya komponenti, uhamishe kutoka RGB kwenda Y Cb/Pb Cr/Pr. Fanya hivyo kabla hujachomoa waya wa njano, la sivyo utakuwa unachagua ndani ya picha yenye rangi za ajabu. Vile vichomeo vidogo vya kupeleka PS2 kwenye HDMI vinataka mpangilio huohuo. Picha ikitoka na rangi zilizoharibika, kosa ni RGB, kichomeo hakijafa. Gemu kadhaa zinakubali picha kamili isiyogawanywa ukishikilia X na pembetatu wakati zinawaka, nyingine zina chaguo hilo ndani ya menyu. Kwenye TV, chagua hali ya gemu ili kupunguza ucheleweshaji.

Dreamcast ndiyo rahisi kuliko zote: kisanduku cha VGA, yaani cha kuunganisha kwenye kioo cha kompyuta, kinatoa 640 kwa 480 kamili kwenye gemu zake nyingi, na matokeo yake bado ni makali kuliko PS2 nyingi. GameCube ya toleo la DOL-001 ina tundu la pili la picha ya kidijitali nyuma. DOL-101 haina, kwa hiyo geuza mashine uangalie kabla ya kulipa. Waya wa asili wa Nintendo una chipu ndani yake na bei yake imepaa, lakini siku hizi kuna vichomeo vya HDMI vya tundu hilohilo vinavyofanya kazi nzuri. Gemu za Marekani za GameCube hukuuliza kuhusu picha kamili ukishikilia B wakati zinawaka. Za Ulaya nyingi ziliondolewa chaguo hilo. Xbox ya Ulaya nayo haitoi mistari 480 kamili wala 720, ile ya Marekani inaitoa ikiwa na waya wake wa komponenti.

Hapo ndipo linapoingia suala la mikoa, na mnunuzi wa Afrika Mashariki analipuuza mara nyingi. Mashine za Ulaya zinatumia mfumo wa picha wa PAL, hezi 50, yaani picha inaonyeshwa upya mara 50 kwa sekunde. Gemu ambayo haikurekebishwa vizuri inakwenda pungufu ya kasi yake ya kweli kwa karibu asilimia 17, na picha inabanwa kwa mikanda myeusi. Final Fantasy X ya PAL ni mfano unaojulikana. Mashine za Marekani na Japani zinakwenda hezi 60, lakini zinataka volti 120 au 100. Ukichomeka PS2 nene ya Japani moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 220 hadi 240, pawa saplai itaungua papo hapo. Soma lebo iliyo nyuma au chini ya mashine. Ikiwa haijaandikwa 220-240, tafuta transfoma ya kushusha umeme. PS2 nyembamba za namba ya modeli SCPH-7000x zinatumia adapta ya nje ya volti 8.5, na hiyo ni ahueni, maana adapta inabadilishwa bila kugusa mashine.

Ukienda kununua PS2 ya mtumba, beba diski tatu: CD yenye mgongo wa bluu, DVD ya kawaida, na God of War ambayo ni DVD ya tabaka mbili. Lenzi iliyochoka haikatai zote kwa mpigo. Huanza kukataa CD za bluu au DVD za tabaka mbili huku PES ikiendelea kusoma vizuri, na muuzaji atakuonyesha PES hiyohiyo. Acha God of War iende nusu saa. Kisha toa diski uitazame: mkwaruzo wa duara kamili kwenye PS2 nyembamba unatokana na utepe wa lenzi uliojikunja juu na kusugua diski inapozunguka. Utepe huo unarudishwa chini na kubandikwa, lakini diski iliyokwaruzwa hivyo hairudi. Kwa padi, weka Metal Gear Solid 2: bonyeza mraba kulenga bastola, halafu uachie taratibu sana. Padi halisi ya DualShock 2 inapima nguvu ya kidole, bastola inashuka bila kufyatuka. Padi bandia itapiga risasi kila mara. Kadi ya kumbukumbu iwe ya megabaiti 8 ya asili. Zile kubwa za bandia hupoteza faili za Master League, ligi ya ndani ya PES, bila onyo. Na kama unafikiria kuwashia gemu zako kutoka USB kwa FreeMcBoot, programu inayokaa kwenye kadi ya kumbukumbu, jihadhari na SCPH-9000x, nyingi zake haziikubali, na ujue USB ya PS2 ni ya polepole kiasi kwamba video za gemu zitakatika.

Xbox ina sumu yake ndani. Kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) ndogo ya saa kwenye bodi huvuja kadiri miaka inavyopita, na maji yake yanakula njia za shaba. Ifungue, ikate, safisha kwa spiriti kali ya isopropili. Mashine itafanya kazi bila hiyo, ila itasahau saa. Toleo la 1.6 pekee ndilo lenye kapasita nzuri, iache. Diski yake ya ndani imefungwa kwa ufunguo wa bodi husika, kwa hiyo huwezi kuichomoa na kuweka nyingine kama kompyuta ya kawaida bila fundi aliyehifadhi ufunguo huo kabla diski haijafa. Muulize muuzaji kama ufunguo umehifadhiwa.

Dreamcast inayojizima na kuwaka tena katikati ya gemu, mara nyingi tatizo ni vichwa vya pini za pawa saplai vilivyopata kutu: inua saplai, safisha pini, rudisha. Inayouliza tarehe kila ukiwasha, betri imekufa, nayo imechomelewa kwenye bodi ya padi. Matundu yote manne ya padi yakifa kwa pamoja, fyuzi F1 kwenye bodi hiyohiyo ndiyo ya kupimwa kwanza, na kawaida hukatika mtu akichomoa padi mashine ikiwa inawaka. GameCube ndiyo ngumu kuharibika kati ya zote, lenzi ndiyo shida yake pekee ya kawaida.

Kwa fedha ya mashine moja tu, tunashauri PS2 nyembamba ya SCPH-7700x ikiwa na waya wa komponenti, kwa sababu ya gemu zake na urahisi wa vipuri. Mwenye nafasi ya mashine ya pili aongeze GameCube DOL-001. Xbox tunamshauri yule tu aliye na fundi wa kuaminika wa kuishughulikia kapasita ile wiki ya kwanza.